Eadweard Muybridge: Mpigapicha Aliyewafunza Wachoraji Miguu ya Farasi

Utangulizi

Farasi ni mnyama adimu katika eneo la magharibi mwa Kenya. Mtu anayepita katika soko la Chwele, au anayesafiri kutoka Bungoma kuelekea Kimilili, ataona ng'ombe, mbuzi na kondoo kwa wingi, lakini anaweza kumaliza mwaka mzima bila kumwona farasi. Mjini Kitale punda huonekana akikokota mkokoteni wa maji au wa mahindi, ila farasi si wa kila siku. Wanyama hawa walifika katika uwanda wa Trans Nzoia pamoja na walowezi wa Kizungu, hasa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, na hawakuzagaa mashambani mwa wenyeji jinsi ng'ombe walivyozagaa. Sababu mojawapo ni maradhi. Ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, huua farasi kwa haraka, ilhali mbung'o nao huwaletea nagana.

Kwa sababu hiyo, kijana wa Kitale au wa Bungoma anayejifunza kuchora hukabiliwa na jambo la ajabu kidogo. Ng'ombe anaweza kumchora akiwa ameketi chini ya mti, huku mnyama mwenyewe akicheua mbele yake. Farasi, kinyume chake, humchora kutoka kwenye picha: kalenda ya ukutani, kitabu cha maktaba, gazeti kuukuu au simu. Farasi wake wa kwanza ni wa karatasi. Je, picha hiyo inatosha kumfundisha ukweli wa mnyama? Swali hili halikuanzia Kitale. Lilizuka huko Marekani na Ulaya katika karne ya kumi na tisa, na aliyelizusha ni Mwingereza mmoja aliyeitwa Eadweard Muybridge. Maisha yake yalipita mbali na Mlima Elgon, lakini kila anayechora farasi kutoka kwenye picha, popote alipo, ni mwanafunzi wake bila kujua. Makala haya yanayasimulia maisha hayo, pamoja na faida na hasara zilizotokana nayo.

Kuzaliwa na Ujana

Muybridge alizaliwa tarehe 9 Aprili mwaka wa 1830 katika mji wa Kingston upon Thames, kusini magharibi mwa London. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Edward James Muggeridge. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nafaka na makaa ya mawe, bidhaa ambazo zama hizo zilisafirishwa kwa mashua za mtoni na kwa magari ya kukokotwa na farasi. Mtoto huyu, basi, alilelewa miongoni mwa farasi wa kazi. Baba yake aliaga dunia mwaka wa 1843, Edward akiwa bado mvulana mdogo.

Jambo moja linalomshangaza kila anayechunguza maisha yake ni wingi wa majina yake. Muggeridge iligeuka kuwa Muygridge, kisha Muybridge. Edward nayo akaibadilisha kuwa Eadweard, kwa kufuata tahajia ya kale ya jina la wafalme wa Kisaksoni waliotawazwa mjini Kingston na ambao jiwe lao la kumbukumbu lilisimikwa hapo mwaka wa 1850. Alipokuwa mpigapicha alitia saini kazi zake kwa jina la Helios, mungu wa jua wa Wagiriki. Alipofika Amerika ya Kati akajiita Eduardo Santiago. Alikuwa mtu wa kujiumba upya kila alipohamia mahali papya.

Mnamo mwaka wa 1850 hivi alivuka bahari na kwenda New York, ambako alifanya biashara ya vitabu. Miaka michache baadaye alihamia San Francisco, mji uliokuwa umejaa watu waliovutwa na dhahabu ya California. Aliendelea kuuza vitabu hadi mwaka wa 1860, alipofunga safari ya kurudi Ulaya kwa njia ya nchi kavu.

Safari hiyo ndiyo iliyobadilisha maisha yake. Walipokuwa Texas, farasi waliokokota gari la abiria walishtuka na kukimbia ovyo. Gari liligonga mti likavunjika, na Muybridge akarushwa nje akaumia vibaya kichwani. Alipopata fahamu hakuweza kunusa wala kuonja, na kila alichokitazama alikiona kikiwa viwili. Alitibiwa New York, kisha London, na kwa miaka kadhaa alikaa Uingereza akijiuguza. Ni katika kipindi hicho ambapo inaaminika alijifunza kazi ya kupiga picha. Ajali iliyosababishwa na farasi ndiyo iliyomtoa katika vitabu na kumwelekeza kwenye kamera.

Mpigapicha wa Milima na Mabonde

Alirejea San Francisco mwaka wa 1867 akiwa na taaluma mpya. Upigaji picha wa wakati huo ulikuwa kazi ya sulubu. Mpigapicha alipaka dawa kwenye kioo, akakitia ndani ya kamera kikiwa bado kibichi, akapiga picha, kisha akakisafisha papo hapo kabla ya dawa kukauka. Kwa hivyo ilimbidi asafiri na chumba cha giza kilichobebwa kwenye gari, pamoja na chupa za dawa na vioo vizito. Muybridge alibeba mzigo huo wote hadi kwenye bonde la Yosemite, akapiga picha za maporomoko na majabali ambazo zilimpatia sifa kubwa. Mwaka wa 1868 alitumwa Alaska, nchi ambayo Marekani ilikuwa imeinunua kutoka kwa Urusi mwaka uliotangulia. Mwaka wa 1872 alirudi Yosemite na kupiga picha nyingine kubwa zaidi, zilizomweka katika safu ya wapigapicha hodari wa nchi ile.

Mwaka huohuo wa 1872 ndipo alipoitwa na Leland Stanford. Bwana huyu aliwahi kuwa gavana wa California, na alikuwa rais wa kampuni ya reli iliyounganisha pwani ya magharibi na maeneo ya mashariki. Alikuwa tajiri mkubwa na mpenzi wa farasi wa mashindano. Alitaka kujua jambo moja: je, farasi aendapo matiti, kuna wakati ambapo kwato zake zote nne huwa hazigusi ardhi?

Hapa inafaa kutanua maelezo kidogo, kwa kuwa Kiswahili kina utajiri ambao aghalabu husahaulika bara. Watu wa pwani, waliozoea kupanda punda na farasi, wana majina ya miendo ya wanyama hawa. Telki ni mwendo wa haraka wa punda au farasi usiofikia mbio. Matiti ni mbio ndogo za kudundadunda. Shoti ni mbio kamili, mnyama anapotimka kwa nguvu zake zote. Swali la Stanford lilianza na matiti, likaishia kwenye shoti.

Lilikuwa swali gumu kwa sababu jicho la binadamu haliwezi kuifuata miguu ya farasi aliye mbioni. Wachoraji walikuwa wamekubaliana na desturi moja kwa karne nyingi: farasi wa shoti alichorwa akiwa ameinyoosha miguu ya mbele mbele kabisa na ya nyuma nyuma kabisa, mfano wa sungura arukaye, tumbo likikaribia kugusa majani. Hivyo ndivyo Mfaransa Théodore Géricault alivyowachora farasi wa mashindano ya Epsom mwaka wa 1821 katika mchoro ambao umehifadhiwa katika makumbusho ya Louvre. Hakuna aliyeona kosa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuona.

Yapo masimulizi kwamba Stanford alikuwa amewekeana dau la dola 25,000 na rafiki yake kuhusu jambo hili. Hakuna ushahidi wa dau hilo. Muybridge alijaribu kumpiga picha farasi wa Stanford aliyeitwa Occident, lakini picha zilizopatikana hazikuwa wazi. Kazi ikasimama, na kabla haijaendelea, maisha ya mpigapicha huyu yaliingia giza.

Picha ya Mtoto na Kifo cha Harry Larkyns

Mwaka wa 1871 Muybridge alimwoa Flora Shallcross Stone, mwanamke aliyekuwa na umri wa takriban nusu ya umri wake. Mume alikuwa msafiri. Wiki kadhaa zingepita akiwa milimani na kamera zake. Flora alifahamiana na mwanamume aliyeitwa Harry Larkyns, mtanashati na mcheshi, aliyekuwa akiandikia magazeti. Mwezi wa Aprili mwaka wa 1874 Flora alijifungua mtoto wa kiume aliyeitwa Florado Helios.

Miezi sita baadaye, Muybridge alionyeshwa picha ya mtoto huyo. Alipoigeuza aliona jina la Harry limeandikwa nyuma yake kwa mkono wa mkewe. Tarehe 17 Oktoba mwaka wa 1874 alisafiri hadi karibu na mji wa Calistoga, akamwita Larkyns mlangoni usiku na kumpiga risasi. Larkyns alikufa papo hapo.

Kesi ilisikizwa mjini Napa mwezi wa Februari mwaka wa 1875. Mawakili wake walidai kwamba ajali ya Texas ilikuwa imemharibu akili. Baraza la wazee wa mahakama halikukubali hoja ya wazimu, hata hivyo lilimwachilia huru kwa kusema kwamba kitendo chake kilikuwa na sababu ya haki. Hukumu hiyo haikufuata sheria iliyoandikwa. Ilifuata fikra za wanaume wa wakati ule kuhusu ndoa na heshima, na msomaji wa leo hana budi kuitazama kwa jicho kali. Mtu aliuawa, na muuaji akatoka mahakamani akishangiliwa.

Muybridge aliondoka kwenda Amerika ya Kati kupiga picha. Akiwa huko, Flora alifariki mwezi wa Julai mwaka wa 1875. Mtoto alipelekwa katika makao ya mayatima, akakua na kuishi maisha ya kibarua, hadi alipogongwa na gari akafa mwaka wa 1944. Picha za Florado akiwa mtu mzima zimewafanya wengi waone ndani yake sura ya Muybridge mwenyewe. Iwapo wanaona sawa, basi mtu aliyekuja kuufundisha ulimwengu jinsi ya kusoma picha aliisoma vibaya picha iliyomhusu zaidi kuliko zote: aliyasadiki maandishi ya nyuma, asiutazame uso wa mbele.

Juni 1878: Farasi Anaanikwa

Kazi ya farasi ilianza upya mwaka wa 1877, na mwaka uliofuata ikahamia katika shamba la Stanford huko Palo Alto. Stanford alitoa fedha na mafundi wa reli wakasaidia kutengeneza mitambo ya umeme. Kando ya njia ya mbio zilipangwa kamera 12 katika mstari mmoja, kila moja ikiwa umbali wa sentimita 69 hivi kutoka kwa mwenziwe. Upande wa pili ulijengwa ukuta mweupe ili mwili mweusi wa mnyama uonekane bayana. Ukuta huo ulichorwa mistari: ya wima kwa kipimo kile kile cha kamera, na ya mlalo kila baada ya sentimita 10 ili kuonyesha kimo. Nyuzi zilitandazwa kukatiza njia. Kifua cha farasi kilipoukata uzi, kifuniko cha kamera kilifunguka na kufunga kwa muda mfupi uliokadiriwa kuwa chini ya sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde.

Katikati ya mwezi wa Juni mwaka wa 1878, mbele ya waandishi wa habari, farasi aitwaye Abe Edgington alipitishwa kwa matiti, na jike aitwaye Sallie Gardner akapitishwa kwa shoti. Mwendo wa Sallie Gardner ulikuwa karibu kilomita 58 kwa saa, na kamera zile zilimnasa kila baada ya sehemu moja ya ishirini na tano ya sekunde. Vioo vilisafishwa palepale, waandishi wakishuhudia, ili pasiwe na wa kusema kwamba mkono wa mtu umeongeza kitu.

Jibu lilipatikana. Ni kweli, farasi huwa hewani kwato zote nne. Lakini katika shoti hawi hewani wakati ambao wachoraji walidhani. Miguu inapokuwa imenyooshwa mbele na nyuma, walau ukwato mmoja huwa chini. Farasi huelea pale ambapo miguu yote imekunjwa na kukusanywa chini ya tumbo, mithili ya vidole vinavyofumbatwa. Desturi ya karne nyingi ilikuwa imesema kinyume cha mambo. Mwezi wa Oktoba mwaka huo jarida la Scientific American lilichapisha michoro iliyonakiliwa kutoka kwa picha hizo kwenye ukurasa wake wa mbele, na habari ikaenea duniani.

Wachoraji Wakutana na Picha

Watu wa kwanza kutikiswa na picha hizo walikuwa wachoraji. Jean-Louis-Ernest Meissonier wa Ufaransa alikuwa akisifika kwa farasi wake wa vita. Alikuwa amefanya bidii isiyo ya kawaida: alijenga reli ndogo nyumbani kwake, akaketi katika kigari kilichosukumwa sambamba na farasi, akichora miguu kadiri jicho lilivyoweza kuinasa. Alipoonyeshwa picha za Muybridge alikataa kuamini mwanzoni. Baadaye alikubali, na mwezi wa Novemba mwaka wa 1881 akamwalika Muybridge nyumbani kwake Paris na kumtambulisha kwa wasanii wenzake. Alipomchora Stanford, aliiweka albamu ya picha za farasi ndani ya mchoro wenyewe.

Edgar Degas, aliyependa kuchora farasi wa mashindano, alichukua mabamba ya Muybridge akayanakili kwa chaki, farasi mmoja baada ya mwingine, kama mwanafunzi anayefanya zoezi. Ingawa alikuwa na zaidi ya miaka hamsini na jina lake lilikuwa limeshajulikana, hakuona haya kuanza upya.

Thomas Eakins wa Philadelphia alichora farasi wanne wanaokokota gari la starehe katika miaka ya 1879 na 1880, akafuata picha kwa uaminifu mkubwa katika kila mguu. Hata hivyo, magurudumu aliyachora yakiwa na ukungu wa kuzunguka, jinsi jicho linavyoyaona. Matokeo yake ni kwamba magurudumu yanakwenda ilhali farasi wamesimama hewani. Mfano huu una funzo kubwa kwa anayejifunza. Picha hukamata nukta moja ya wakati, na jicho huishi katika nyingi. Anayeunganisha mambo hayo mawili katika mchoro mmoja bila kufikiri huleta mgongano.

Mchongaji Auguste Rodin alikwenda mbali zaidi akashikilia kwamba msanii ndiye mkweli na picha ndiyo inayodanganya, kwa kuwa katika maisha wakati hausimami. Hoja yake haiwezi kupuuzwa, ingawa haiwezi kurudisha farasi wa Géricault katika hali ya kuaminika.

Muybridge mwenyewe alikuwa wa kwanza kugundua kwamba picha pekee haitoshi. Mwaka wa 1879 alibuni mtambo alioupa jina la zoopraksiskopu, uliorusha picha ukutani kutoka kwenye kioo cha mviringo kilichozungushwa, watazamaji wakamwona farasi akikimbia tena. Wengi humwita mmoja wa waanzilishi wa sinema kwa ajili ya mtambo huo. Lakini kilichokuwa juu ya kioo hakikuwa picha halisi. Kilikuwa farasi waliochorwa kwa mkono kwa kufuata picha, na walichorwa wakiwa warefu kupita kiasi kwa makusudi, kwa kuwa mtambo uliwafanya waonekane wamefinyika. Ili farasi aonekane wa kweli ukutani, ilibidi achorwe wa uongo kwenye kioo.

Kunyimwa Jina

Mwaka wa 1882 kilitolewa kitabu kuhusu mwendo wa farasi kilichoandikwa na daktari J.D.B. Stillman kwa gharama ya Stanford. Kurasa zake zilijaa michoro iliyonakiliwa kutoka kwa picha za Muybridge, ila jina lake halikuwekwa kwenye ukurasa wa kichwa. Alitajwa ndani kama fundi aliyeajiriwa tu. Wakati huo alikuwa London, na jumuiya ya wanasayansi ya Royal Society ilikuwa tayari kupokea makala yake. Kitabu kilipofika, ikatiliwa shaka kama kazi ile ni yake, na makala yakaondolewa. Alimshtaki Stanford lakini akashindwa. Aliyekuwa amejipa majina mengi maishani alijikuta akipigania jina moja libandikwe kwenye kazi yake.

Hakukata tamaa. Kati ya mwaka wa 1884 na 1887 alifanya kazi chini ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambako Eakins alikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono. Sasa alikuwa na vioo vikavu vilivyoshika picha upesi zaidi, na kamera zilizompiga mnyama kwa pamoja kutoka ubavuni, mbele na nyuma. Matokeo yake yalikuwa mabamba 781 yenye picha zipatazo 20,000, yaliyotolewa mwaka wa 1887 kwa jina la Animal Locomotion. Humo wamo wanaume na wanawake, farasi, punda, nyumbu, ng'ombe, mbwa, na wanyama wa porini waliofugwa mjini Philadelphia. Watafiti wa baadaye wamebaini kwamba katika baadhi ya mabamba Muybridge alipanga upya picha au kujaza pengo kwa picha ya mfululizo mwingine. Hata kwake, ukweli ulipitia mkononi mwa mtu.

Aliutembeza mtambo wake Ulaya na Marekani, na mwaka wa 1893 alikuwa na ukumbi wake katika maonyesho makubwa ya Chicago. Mwaka uliofuata alirudi Kingston alikozaliwa. Alitoa vitabu viwili, kimoja cha wanyama mwaka wa 1899 na kingine cha binadamu mwaka wa 1901, ambavyo vinaendelea kutumiwa na wachoraji. Aliaga dunia tarehe 8 Mei mwaka wa 1904, akiwa na umri wa miaka 74, na kuvirithisha vifaa vyake kwa mji wake. Kwenye jiwe la kaburi lake jina liliandikwa kimakosa: Maybridge.

Funzo kwa Mchoraji wa Leo

Urithi wa Muybridge unamfaa kijana wa Bungoma na Kitale kwa njia tatu.

Kwanza, mistari ya ukutani kule Palo Alto ni ndugu wa miraba ambayo wanafunzi wetu huchora juu ya picha wanapotaka kuikuza. Miraba humzuia mchoraji asichore anachokidhania, ikamlazimisha achore kilichopo: goti limefika mraba gani, ukwato uko juu ya ardhi kwa kiasi gani.

Pili, picha moja haifundishi mwendo. Muybridge hakupiga picha moja, alipiga 12, kisha 24. Anayejizoeza afadhali amchore farasi yuleyule mara sita katika hatua sita kuliko kuchora farasi sita wazuri ambao hawana uhusiano wowote.

Tatu, na hili ndilo kuu, mabamba yake yalionyesha kwamba wanyama wengi wa miguu minne hutembea kwa mpangilio mmoja: mguu wa nyuma wa kushoto, wa mbele wa kushoto, wa nyuma wa kulia, kisha wa mbele wa kulia. Ng'ombe anayerudi zizini jioni huko Kimilili hutembea kama farasi wa Palo Alto. Punda wa mkokoteni mjini Kitale naye ni mwalimu, tena hatozi ada. Kwa hivyo asiyekuwa na farasi hana sababu ya kutegemea karatasi peke yake.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2012 na wanasayansi wa Hungaria unaipa hoja hii uzito. Walichunguza michoro na sanamu za wanyama wanaotembea, wakahesabu zilizokosea mpangilio wa miguu. Kazi zilizofanywa kabla ya Muybridge zilikosea kwa asilimia 83.5. Zilizofanywa baada yake zilikosea kwa asilimia 57.9. Kwa upande wao, wawindaji wa kale waliochora kwenye kuta za mapango walikosea kwa asilimia 46.2 pekee. Takwimu hizi zinaonyesha mambo mawili. Picha zilisaidia sana, la sivyo makosa yasingepungua. Lakini watu wasiojua picha wala kamera, ambao mlo wao ulitegemea kumtazama mnyama kwa makini, waliwapita wote.

Hitimisho

Eadweard Muybridge hakuwa mtakatifu. Alimuua mtu, akamtelekeza mtoto aliyebeba jina lake, na mara nyingine alizipanga picha zake apendavyo. Pamoja na hayo, aliwafungulia wachoraji mlango uliokuwa umefungwa tangu kale, akawaonyesha kwamba jicho lililozoea linaweza kukosea kwa karne nyingi bila kushtuka. Picha zake zilisahihisha mkono wa mchoraji, lakini hazikumwondolea wajibu wa kutazama. Chambilecho wahenga, mgeni njoo mwenyeji apone: picha za mgeni huyu zinaweza kumponya mchoraji wa magharibi mwa Kenya na kosa la kale, mradi tu akishazifunga, atoke nje akamtazame ng'ombe anavyokanyaga.